Vikombe Vitatu vya Loshoro

Jamani, leo mashine imeniumbua mbele ya mama mkwe. Niko hapa intaneti kafe, nimelipia nusu saa, acheni niseme yote kabla sijajionea huruma.

Mnajua nina uvimbe kwenye ini. Wasiojua, msishtuke. Si saratani. Ni kifundo tu cha mishipa ya damu, waliugundua kwa bahati wakitafuta vidonda vya tumbo (ambavyo sina). Tangu hapo kila mwaka naenda kupigwa altrasaundi waone kama umekua. Leo ulikuwa mwaka wa tano, na dokta alishaniambia: "Mwaka huu ukiwa vilevile, tunaachana." Kwa hiyo leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Sasa mama mkwe. Baba mkwe alikufa kwa ini, na tangu siku hiyo ukimwambia mama "uvimbe lakini si saratani" anasikia neno la kwanza tu. Jana akashuka kutoka Nkoaranga na sufuria la loshoro la kufungulia. Kufungulia nini? Alikuwa anafunga! Yeye na akina mama wa usharika wake, wanafunga na kuomba kwa ajili ya ini langu. Mke wangu naye akajiunga. Na mimi, mwenye ini, nilitakiwa kufunga kwa amri ya dokta, maana chakula kinaziba picha.

Watu wazima zaidi ya kumi walikaa na njaa kwa ajili yangu. Mimi nilishindwa saa kumi na mbili asubuhi.

Wenyewe walikuwa sebuleni wanasali. Mimi nikaingia jikoni kusukutua mdomo (kweli kabisa, kusukutua). Nikaona lile sufuria la loshoro. Mahindi yamelainika, ndizi zimepondwa, maziwa mgando yanang'aa juu. Nikajiuliza: ini liko kulia, tumbo liko kushoto, hawa watagombania nini? Nikaonja. Nikaonja tena. Nikafuta mdomo, nikarudi sebuleni, nikawahi "Amina."

Mama mkwe akanitazama kwa huruma. "Baba Neema, njaa haikuumi?"

"Kidogo mama. Lakini Bwana ananitia nguvu."

(Ndiyo. Nilisema hivyo. Kwa mdomo huuhuu.)

Hospitali tukafika saa mbili. Chumba cha picha kimetengwa na korido kwa pazia tu, tena pazia jepesi. Mimi ndani, shati juu, mafuta ya baridi tumboni. Nje kwenye benchi mama mkwe na mke wangu wanaimba tenzi polepole. Dokta ni mama mmoja mchangamfu mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

Akapitisha kile kidude. Akakirudisha. Akakunja uso. Mimi nikajua basi, umekua.

"Baba, mara ya mwisho umekula lini?"

"Jana jioni, dokta."

"Jana? Kibofu cha nyongo kimejikunja, na hicho hujikunja mtu akishakula. Halafu tumbo limejaa mpaka juu. Uvimbe wako uko upande wa kushoto wa ini, umefunikwa wote. Sioni kitu."

"Labda ni hofu, dokta."

"Hofu haijazi tumbo! Umekula nini?"

"Dokta, naomba tuongee taratibu kidogo..."

"NASEMA UMEKULA NINI?"

"Loshoro."

"Kiasi gani?"

"Nimeonja tu."

"Umeonja vikombe vingapi?"

Nikatazama dari. "Vitatu."

Nje utenzi ukakatika katikati ya ubeti.

Dokta akafungua pazia (lote, jamani, mimi bado tumbo wazi) akawatangazia: "Amekula huyu. Arudi kitandani saa nane mchana, na msimwache peke yake."

Mke wangu akanipa mgongo. Akamgeukia mama yake: "Mama, basi wewe fungua. Chai iko hapo nje."

"Hapana. Nimemwahidi Mungu sitatia kitu kinywani mpaka jibu litoke. Mimi nikiahidi nimeahidi."

Saa sita! Mama wa miaka sabini, tumbo tupu tangu jana, anakaa saa sita za ziada kwa ajili ya vikombe vyangu. Nimekaa naye benchi moja, mimi nacheua, yeye anameza mate. Nikajipendekeza: "Mama, nikuletee hata maji?"

"Kaa tu baba. Wewe umeshakula kwa niaba yetu sote."

Kufika saa sita mchana nikaona ameegemea ukuta asianguke. Hapo utani uliniishia. Niliona aibu, aibu ya kweli, na nikaogopa pia: je, nikifa na ini hili, mama huyu atafunga kwa ajili ya nani tena? Nikamwambia nisamehe. Akanipigapiga goti, akaendelea kuomba.

Saa nane nikaingia. Kidude kikapita, kikarudi. Dokta akapima mara tatu, akaweka picha ya leo pembeni ya zile za miaka iliyopita.

"Ukubwa uleule. Haujaongezeka hata kidogo. Baba, nenda nyumbani. Picha za kila mwaka basi, labda uumwe."

Nilitoka na mafuta bado tumboni, nikapiga kelele, nikamkumbatia mama mkwe (jambo ambalo mkwe hafanyi, najua!). Mke wangu analia, mimi nalia, wagonjwa wa watu wanatushangaa. Mama akasimama palepale koridoni, akafumba macho, akaomba kwa sauti ya kusikika mpaka famasi:

"Bwana, asante, ini la mkwe wangu umelilinda miaka mitano. Sasa tunaleta kwako tumbo lake."

Korido nzima ikasema Amina. Na ombi hilo, nimeambiwa, limeshapelekwa kwa akina mama wa usharika: wanafunga tena Jumatano. Mkiwa na utu, msicheke.