Mizunguko Elfu Sita na Ushei

Jumatatu, 4 Juni

Umebaki ukurasa mmoja tu. Mmoja! Na ni wangu.

Nieleze vizuri, maana nikizeeka nitasahau. Chama chetu cha waendesha baiskeli kina Kitabu cha Njia. Kurasa hamsini, kila ukurasa njia moja ya kuzunguka vijijini: anzia hapa, pinda kushoto pale, vuka daraja, na mwisho kabisa idadi ya mizunguko ya gurudumu la mbele. Unafunga utepe kwenye spoki, unahesabu kila unapopita juu. Kwa kichwa chako. Mashine za kuhesabia ni marufuku. Mwenyekiti anasema mashine haioni haya ikidanganya.

Mwenyekiti ni baba mkwe wangu, mpima ardhi mstaafu. Njia arobaini na moja ni zake. Nane ni za shemeji yangu, mwanawe, fundi saa, mtu mwembamba anayejiona sana. Zangu hakuna. Jana mzee katangaza kuwa Jumapili chama kizima kitapita njia ya mwisho kuihakiki, kisha kitabu kinafungwa.

Miaka kumi na moja mzee ananiita "huyu fundi". Si sifa. Anakumbuka suruali ya harusi niliyomshonea. Niliona haya kumzungushia mkwe futi kiunoni, nikamkadiria kwa macho, nikaandika vipimo kwenye daftari langu. Ikamfika juu ya vifundo mbele ya wageni wote. Shubiri moja tu! Tangu hapo hajakanyaga dukani kwangu. Nataka aniite mkwe wangu, hata mara moja. Ndiyo, nimeandika.

Njia nimeshaichagua: toka mashine ya kusaga, kupitia vijiji viwili, kupanda uwanda wa juu, kuteremkia mtoni. Hakuna aliyewahi kuiandika, kwa sababu ya mlima na ukungu. Wala sina haja ya kuipanda. Nilitandaza ramani juu ya meza ya kukatia, nikalaza uzi mweusi juu ya njia, nikapima uzi. Kabla chai haijapoa nilikuwa nimemaliza safari yote.

Mke wangu kapita. Kauliza kama uzi unajua kupanda mlima. Kisha kaonyesha kwa kidole: uzi wangu umekatiza katikati ya bwawa.

Itabidi kwenda.

Jumanne, 5 Juni

Nimekwenda. Utepe mwekundu, wa gauni la bibi harusi. Hataukosa.

Kuhesabu si mchezo. Kijiji cha kwanza mwoka mikate kanisalimia habari za asubuhi. Nikamjibu mia nane na kumi na tisa. Kaniangalia mpaka napinda kona. Kijiji cha pili mama mmoja aliyekuwa anaanika mashuka kaniuliza natafuta nani. Elfu moja mia nne na mbili, nikamwambia. Kaita watoto wake ndani.

Kisha mlima. Nilishuka nikasukuma. Gurudumu linazunguka vilevile, sheria haisemi lazima ukae. Ukungu mzito, naona utepe na viatu vyangu tu. Elfu tatu mia mbili na kumi. Na kumi na moja. Na kumi na mbili.

Ukungu ukaondoka. Haukupungua pole pole, uliondoka! Mbele yangu uwanda, majani mafupi na maua ya zambarau mpaka macho yanaposhindwa. Hakuna mti hata mmoja. Madimbwi meusi, na ndani ya kila dimbwi kipande cha mbingu. Upepo ukipita majani yanalala yote, halafu yanainuka yote. Nimeshika vitambaa maisha yangu yote, sijaona kitu kipana hivyo kisicho na mshono. Nilisahau kufunga mdomo. Nilitamani kumwita mtu, yeyote, aje aone.

Nilipozinduka nilikuwa nusu ya uwanda. Hesabu? Imekwenda na maji.

Jumatano, 6 Juni

Maharagwe! Kila mizunguko mia, nahamisha haragwe moja toka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Haragwe si mashine. Hata mzee hawezi kupinga. Nashangaa mimi mwenyewe kwa akili hii.

Kauli mbiu ya leo ilikuwa kutotazama pembeni. Nikapanda nimeinamisha kichwa. Nikafika juu nimeinamisha kichwa. Ndipo ndege wakaruka toka kwenye majani, mamia, wakapita juu yangu karibu sana hata nikasikia mbawa. Nani angeinama? Nilisimama nimeshika kofia, machozi yananitoka, sijui ya nini.

Huko mtoni nikatia mkono mfuko wa kushoto nihesabu. Mtupu. Mfuko una tundu. Suruali niliishona mwenyewe. Maharagwe yote yako njiani, toka kijiji cha kwanza mpaka mlimani.

Mwalimu mkuu kaja mara mbili kuulizia koti lake. Mke wangu kamwambia nipo uwandani napanda maharagwe.

Alhamisi, 7 Juni

Taarifa mbaya! Mwoka mikate kasema shemeji naye anapita njia hiyohiyo, kila siku baada yangu, naye hajibu salamu.

Mwizi mkubwa! Nikabadili mpango. Kwa nini nihesabu wakati kuna mtu wa kunihesabia? Shemeji ana kichwa cha saa. Nitamfuata kimyakimya, nitajificha nyuma ya ukuta wa mawe juu pale, akitaja idadi yake kwa sauti nitaisikia. Ukuta ni mfupi kuliko nilivyokumbuka. Nililala kwenye tope.

Hakutaja kitu. Nikachungulia. Baiskeli yake imelala chini, yeye kakaa juu ya jiwe, mikono magotini, anatazama. Kivuli cha wingu kilikuwa kinatembea juu ya uwanda, kikubwa kuliko mji wetu. Bila kugeuka kaniambia nitoke kwenye tope, ameniona tangu darajani. Kisha kakiri. Hii ni mara ya tatu anapotea hesabu. Kila siku hapahapa.

Tulikaa. Kanimiminia chai ya chupa yake. Miaka kumi na moja hatujawahi kunywa chai ya chupa moja. Tukakubaliana kiume: hakuna atakayepeleka idadi yoyote, maana hakuna aliye nayo. Tukapeana mikono.

Nilipokuwa bado nimemshika mkono nikaanza kufikiria idadi ya kupeleka.

Jumamosi, 9 Juni

Elfu sita mia saba arobaini na moja.

Ukiandika elfu sita mia saba kamili, kila mtu anajua umetunga. Hiyo arobaini na moja ndiyo kazi ya fundi. Nimeandika ukurasa mzima kwa mwandiko wangu bora. Mke wangu kausoma, kaniuliza arobaini na moja imetoka wapi. Nikamwambia uzoefu. Kasema kwa sauti ya chini kwamba safari hii nikimwaibisha baba yake, yeye hatasimama katikati tena.

Sikulala mchana kama kawaida yangu. Nilishona koti la mwalimu mkuu. Vifungo nimeweka upande usio wake.

Jumapili, 10 Juni

Niandike yote.

Baiskeli kumi na nne kwenye mashine ya kusaga. Nikampa mzee ukurasa wangu. Kaupokea, akatoa mwingine mfukoni. Wa shemeji! Elfu sita mia saba thelathini na nane! Yule msaliti! Hana hata haya! Mzee katutazama wote wawili, kasema atahesabu mwenyewe.

Kaongoza. Miaka sabini na mbili, anahesabu kwa sauti, hakosei hata moja. Mlima kaupanda bila kushuka. Mimi nyuma. Niliona mwisho wangu: wote mtoni, idadi ya kweli inatangazwa, na "huyu fundi" mpaka kaburini.

Tukafika juu ukungu ukiwa mzito. Elfu tatu mia mbili na kumi na nne, kasema mzee. Na kumi na tano.

Ukungu ukaondoka.

Na kumi na tano, kasema tena. Kisha akanyamaza. Baiskeli yake ikasimama yenyewe. Zote zikasimama. Mzee kavua kofia. Kapima ardhi miaka arobaini, yote ya huko chini, mashamba na mipaka ya watu wanaogombana. Huku hakuna mpaka, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumtuma. Alitazama muda mrefu, midomo ikichezacheza. Kisha kauliza taratibu hesabu ilikuwa imefika ngapi. Hakuna aliyejua.

Kanigeukia mimi. Kauliza kama kweli nilihesabu hapa. Nilifungua mdomo kuitetea arobaini na moja yangu. Ukatoka ukweli! Sijui ulipitia wapi. Nikamwambia nilipotea Jumanne, nikapotea Jumatano, na Alhamisi nilikuwa kwenye tope. Shemeji naye kakiri, kwa sauti ndogo.

Mzee kasema angemwona kipofu mtu yeyote aliyefika hapa na hesabu yake salama.

Kachana kurasa zetu zote mbili. Akachukua kitabu, akaandika kwa penseli, amekiegemeza kwenye tandiko la baiskeli. Nilichungulia. Njia yote, pinda huku, vuka pale. Penye idadi kaandika: "Haijulikani. Nenda ukaone." Na juu kabisa: "Njia ya mwanangu na mkwe wangu."

Mkwe wangu! Kwa mkono wake! Nililia mbele ya chama kizima, wala sijali.

Jumatatu, 11 Juni

Leo asubuhi mzee kavuka kizingiti cha duka langu. Ndiyo, yeye! Kaja na kitambaa cha kijivu, kizuri, kizito. Anataka suruali ya kuendeshea baiskeli. Kasimama katikati ya duka, wima, mikono kaipanua, anasubiri futi. Mke wangu kasimama mlangoni, kashika kifua.

Sikuinua hata futi. Nilimwambia, baba, shusha mikono, usijichoshe. Mimi na wewe hatuhitaji tena mambo hayo. Vipimo vyako ninavyo, nimevitunza miaka kumi na moja.

Kashusha mikono. Mke wangu alianza kusema kitu, nikamwashiria anyamaze, asiharibu wakati mzuri.

Nikafungua daftari la zamani. Vipo, vinasomeka vizuri. Kitambaa nimeshakikata. Tena kimebaki kipande kirefu ajabu. Nitamshonea na kofia.