Leo Nimeliliwa Kilio Nikiwa Mzima

Jamani, leo nimekufa na nimefufuka, na sijui lipi limenitia aibu zaidi. Ngojeni niwaeleze mwenyewe, kabla habari haijawafikia kupitia wauza dagaa wa sokoni (kwao tayari nimeota pembe).

Mnajua tuna ile kazi ya somo la filamu: dakika mbili za mwanzo wa filamu ya kutisha. Mara ya kwanza tulipeleka mtu anafukuzwa kati ya makontena bandarini. Asista, mwalimu wetu, aliangalia huku anapiga miayo, akasema humo ndani hakuna hata mmoja anayeogopa. Akatupa hadi leo jioni kuleta nyingine. Tusipoleta, tunarudia somo mwaka ujao, sote watatu: mimi, Neema mwongozaji, na Dido mwenye simu nzuri.

Wazo lilikuwa langu. (Mawazo mabaya huwa yangu.) Kamera inaingia getini kwa watu waliofiwa, inavuka ua polepole, inafika kwa maiti aliyefunikwa shuka jeupe. Kimya. Halafu kidole kinatikisika. Basi! Dido alikataa kuwa maiti, eti kwao hayo hayachezewi. Neema alisema mwongozaji hafi. Nikabaki mimi.

Tulichagua nyumbani kwetu, mtaa wa Kataki, kwa sababu Mama alikuwa sokoni na ua ulikuwa mtupu. Ili ionekane kweli, nikakata matawi ya mchikichi nikayasimamisha getini pande zote mbili, mengine nikayaweka barabarani. Nilijisifu sana kwa matawi yale. Ninyi wa hapa Kalemie mmeshaanza kucheka, maana mnajua: matawi getini ndiyo tangazo lenyewe la kilio. Hakuna anayeuliza. Anayeyaona anafunga kitenge kiunoni na kuingia. Kuhusu kuwaambia majirani, mimi nilidhani Neema amewaambia, Neema alidhani Dido amewaambia, na Dido alikuwa hadhani kitu.

Nikalala mkekani, nikafunikwa. Dido akaanza kupiga picha kutoka getini. Nikasikia nyayo. Nikafikiri, huyu Dido leo mbona anatembea kwa kishindo? Kisha nyayo zikawa nyingi, na mama mmoja akaachia yowe karibu na sikio langu hadi kidole kikatikisika kabla ya wakati wake.

Muda si mrefu ua ukajaa. Kina mama wa kanisani walikaa chini wakaanzisha wimbo. Mmoja alileta unga. Mwingine aliuliza nimekufa na nini, akajibiwa kwa uhakika kabisa kwamba ni tumbo. Nikataka kuamka. Neema akainama kama anayenililia, akaninong'oneza:

"Usitikisike. Wanalia vizuri."

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Waombolezaji wa kweli, bila mazoezi, na Asista anangoja jioni. Nikaendelea kufa.

Hapo akaingia Papa Serafini. Ukoo wake na wetu ni watani, na kazi ya mtani kwenye kilio ni kuchekesha. Hata marehemu haachwi. Akaja moja kwa moja, akalala mkekani kando yangu, akanisukuma kwa kiwiko.

"Sogea kule. Ulikuwa unalala muchana na usiku, leo umepata ruhusa ndo unajinyoosha hivi?"

Watu wakacheka huku wanalia. Akainuka, akawasimulia jinsi mimi, mtoto wa ziwani, mwanaume mwenye ndevu, nilivyopiga kelele kwamba naliwa na mamba kwenye maji ya magoti, kumbe ni wavu. (Ni kweli. Lakini ulikuwa wavu mkubwa.) Neema alikuwa haijui habari hiyo. Nikamsikia anakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Na mimi nina mipango na Neema, jamani! Nikauma shuka nisije nikajitetea.

Halafu sauti zote zikashuka. Mama alikuwa amefika. Ameyaona matawi tangu barabarani, na nyumbani alikuwa ameacha mtu mmoja tu. Hakupiga yowe kama wengine. Alisema kwa sauti ndogo:

"Asubuhi nimemuachia chai."

Moyo ulinipasuka. Nawaambia kweli, sijawahi kujichukia namna ile. Filamu, Asista, mwaka mzima wa kurudia, vyote nikaviona upuuzi. Nikaketi, shuka kichwani, nikasema, "Mama, niko muzima."

(Msije mkamtuliza mtu namna hiyo.)

Ua mzima ulihama. Wimbo ulikatikia njiani. Papa Serafini, pamoja na umri wake wote, aliruka uzio wa matete. Unga ulimwagika wote ukaniishia usoni, nikawa maiti mweupe anayewafuata watu akiomba radhi. Mama peke yake hakukimbia. Alinishika paji la uso, akanishika mikono, akanishika masikio. Akahakikisha niko hai. Ndipo akavua ndala.

Nilipigwa mbele ya waombolezaji wangu, waliokuwa wanarudi mmoja mmoja kuchungulia. Papa Serafini naye akarudi, safari hii kupitia getini, kudai haki yake: mtani akishafika kwenye kilio hupewa kuku, awe marehemu amezikwa au amegoma. Mama akampa jogoo wangu. Wengine walisema hawawezi kulia vile kisha warudi makwao na njaa, basi nikasonga ugali mimi mwenyewe, nikawapa na samaki wote aliorudi nao Mama.

Dido tulimkuta barabara kuu, simu bado mkononi. Kumbe alibonyeza kurekodi alipoanza kukimbia tu, basi alikuwa na dakika mbili za ardhi, miguu inayokimbia, na sauti yake mwenyewe akimwita Yesu. Nikamuuliza, wewe uliyenifunika shuka kwa mikono yako, umenikimbiaje?

"Watu wote wamekimbia. Miye ningebakia na maiti pekee yangu?"

Hatukuwa na kingine, tukapeleka hiyo hiyo. Asista ameiangalia mara mbili. Amesema hofu sasa ipo, tumepita. Ila ameuliza huyo wanayemkimbia ni nani, mbona haonekani hata kidogo.

Kwa hiyo msinicheke, nawaomba. Mama hajaacha kunitazama tangu mchana, na amesema safari nyingine nikitaka kufa nimuage kwanza.