Mashuka ya Wodi ya Sita

Jumatatu, 4 Machi

Kikao cha wafanyakazi wote. Habari mbaya. Daktari Mkuu alitueleza taratibu, kama anayeeleza watoto, kwamba zamani serikali ilitupa fungu letu hata tukilala. Sasa mfuko wa bima unalipia mgonjwa aliyetibiwa tu. Kadi ya mgonjwa inakokwenda, pesa inaifuata. Na kadi zote zinavuka barabara! Zinakwenda hospitali binafsi ya pale mbele, yenye mapazia na televisheni. Ndiyo maana sisi hatuna glovu, na mashine ya kufulia inazungusha maji matupu bila sabuni.

Kisha akamalizia. Ijumaa wakaguzi wa mfuko wanakuja. Wodi watakayoikuta tupu itatolewa kwenye mkataba na kufungwa. Macho yote yakanigeukia. Mimi ndiye mtunza mashuka, na stoo yangu imo ndani ya Wodi ya Sita. Wodi ya Sita ina mgonjwa mmoja, mzee aliyevunjika mguu, naye anaruhusiwa keshokutwa.

Nikauliza mimi nitapelekwa wapi. Matroni akajibu kwamba mochari nako kuna mashuka. Watu wakaangua kicheko. Miaka yote hii nakunja pembe kwa pembe, halafu mochari! Wateja wa kule hawasemi hata asante. Lakini sijafa bado. Nina mpango.

Jumanne, 5 Machi

Mpango wenyewe: kunasa wagonjwa kabla hawajafika ng'ambo. Asubuhi nilisimama karibu na geti la hospitali binafsi nimekumbatia mto, mnene kuliko yote stooni. Nikawaomba wapita njia waubonyeze wenyewe.

Kikwazo ni shemeji. Kaka wa mke wangu ni mlinzi wa geti lile, na tangu apewe filimbi hashikiki. Akaipuliza mbele za watu. Akataka kujua kama siku hizi nauza mito. Nikamwambia alinde geti lake na mimi nilinde wodi yangu.

Hata hivyo nilimpata mmoja! Baba mnene, anahema, jasho linamtiririka. Nikamshika mkono, nikamvusha barabara, nikamlaza na kumfunika hadi kidevuni. Alijaribu kusema kitu, nikamsihi asijichoshe. Daktari Mkuu alipopita, akamwamkia mgonjwa wangu kwa heshima zote. Kumbe ni daktari wa mapafu wa kule kule ng'ambo! Alikuwa anakimbia kwa sababu amechelewa kazini.

Alikiri kwamba mto ni mzuri. Hilo hakuna aliyelitaja baadaye.

Jumatano, 6 Machi

Mzee wa mguu ameondoka. Wodi ni kimya kitupu. Matroni alipita mlangoni, akaniuliza kama nimeshapeleka mizigo yangu mochari. Ana roho ngumu yule mama.

Nimegundua kosa langu la jana. Nilitegemea watu baki. Damu ndiyo ya kutegemewa! Nimezunguka kwa ndugu mchana kutwa. Walale tu vitandani mpaka wakaguzi wapite, basi. Kesho mazoezi, keshokutwa mchezo wenyewe. Kila mmoja nimempa ugonjwa wake. Shangazi ana kizunguzungu. Binamu yangu kinyozi anaumwa tumbo. Mjomba ana mgongo, ingawa kwa kitambi chake kile ningeweza kumpa ugonjwa wowote. Swali lake lilikuwa moja tu: mchana wanapika nini?

Mke wangu ananiona nimechanganyikiwa. Lakini mama yake amekubali. Mama mkwe analalamikia kichwa wiki nzima, nami nimemwambia ni makelele yake mwenyewe. Anasema atakuja ili apumzike na kelele za redio yangu.

Tatizo dogo la mashuka. Bila sabuni, yaliyo safi hayafiki nusu ya vitanda. Nimetoa yale mapya yaliyoletwa kwa ajili ya mochari. Hayajawahi kumgusa mtu, hai wala maiti, naapa. Muhuri uko pembeni tu. Nimeugeuzia chini.

Alhamisi, 7 Machi

Siku gani hii!

Mazoezi yalianza vizuri. Ndugu wote vitandani, wamelala kitaalamu kabisa. Kumbe daktari kijana wa wodi yetu ametoka likizo leo, na hakuna aliyemwambia lolote. Kaingia, kaona wodi imejaa, kafurahi, kaanza kuwapima!

Binamu kinyozi alisahau tumbo, akasema ana kizunguzungu. Shangazi akaja juu kwamba ameibiwa ugonjwa wake. Akageuka kwa hasira, shuka likavutika, muhuri wa mochari ukajitokeza puani pake. Nilijaribu kumweleza kwamba ni mapya. Hakusubiri. Alipita dirishani, na viatu vyake bado ninavyo stooni. Kinyozi akamfuata. Mjomba peke yake alibaki imara, mpaka daktari alipoagiza asile chochote hadi kesho. Akapona papo hapo. Mgongo ulinyooka kama wa askari wa gwaride.

Nilikuwa natafuta mlango wa kutokea nilipoona daktari amesimama kwa mama mkwe. Mama mkwe alikuwa anamwambia kwamba haumwi chochote, ameletwa na mkwewe ambaye hana akili nzuri. Daktari akampima presha. Akapima tena. Akaenda kuleta mashine nyingine. Akapima mkono wa pili, kisha akaacha kutabasamu na kumwita Matroni.

Presha imepanda kupita kiasi. Daktari alisema angekaa nyumbani siku chache zaidi, kiharusi kingempata. Kichwa cha wiki nzima! Nami nikamwambia ni makelele.

Wakamwekea kidole kwenye mashine ya bima inayosoma alama za vidole, wakasoma kadi yake, dawa zikaanza. Mke wangu alikuja mbio, akanipita hadi kitandani kwa mama yake. Shemeji naye alivuka barabara bila kofia, akitaka mama yake ahamishiwe ng'ambo kwenye televisheni. Mama mkwe akakataa katakata. Alisema televisheni ataangalia akipona.

Tulikaa kwenye benchi nje ya wodi, mimi na shemeji. Baadaye akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake. Sikuweza kuinywa. Namwogopa mama mkwe tangu siku ya posa, na leo nimegundua namwogopea zaidi.

Ijumaa, 8 Machi

Presha imeshuka! Imeshuka! Daktari anasema hatari imepita. Niliingia stooni, nikauficha uso kwenye blanketi na kulia kama mtoto. Nikatoka nikisema ni vumbi. Mke wangu akanifuta uso kwa kitambaa chake, akasema vumbi hilo naye limempata.

Na mama mkwe akipata nafuu, simu haipumziki. Aliwapigia wenzake wote wanaouza nguo sokoni. Ameonyesha kadi tu! Dawa kapewa papo hapo! Kabla ya saa nne walikuwa wamejaa wodini. Walikuja kumjulia hali, yeye akamwamuru daktari kijana awapime wote mmoja mmoja. Nani angembishia? Wengi presha juu, wengine sukari, na hakuna aliyekuwa akijua. Waliozidiwa wakalazwa. Wengine wakapanga foleni ya kliniki hadi mlangoni kwangu, kila mmoja na kadi yake.

Wakaguzi wakaikuta foleni hiyo. Vidole vya kweli, wagonjwa wa kweli. Mkaguzi mmoja akapimwa naye, akashauriwa apunguze chumvi. Wodi ya Sita inabaki! Daktari Mkuu alisema mfuko ukilipa, kitu cha kwanza ni glovu na sabuni.

Jumatatu, 11 Machi

Mama mkwe ameruhusiwa. Yuko kwangu, amekaa kwenye kiti changu, redio imezimwa kwa amri ya daktari, anasema. Sijawahi kufurahia ukimya kiasi hiki.

Kikaoni Daktari Mkuu alimsifu mama mkwe, akamsifu daktari kijana, akamsifu hata mpishi. Mimi nilitakiwa kurudisha mashuka ya mochari. Basi! Lakini nani aliyemleta mama mkwe wodini? Mpango wangu ulifanya kazi barabara. Kilichokosekana ni mazoezi kidogo tu, na mashuka yenye muhuri unaofaa.

Na nimesikia jambo. Wakaguzi wanarudi Ijumaa, safari hii wodi ya wazazi, na kule kuna vitanda vitupu. Matroni ana wasiwasi, nimemwona. Nimemwambia atulie, aniachie mimi.

Jioni nampitia mjomba. Kitambi kile hakiwezi kupotea bure.