Kiitaliano cha Kuamia Ndege

Jumatatu, 5 Mei
Jana paroko katangaza. Jumapili tunapokea mgeni kutoka Italia. Atakayeongoza kwa pointi kwenye programu ya simu ya kujifunza Kiitaliano ndiye mkalimani wake. Wiki nzima kwenye gari, kiti cha mbele, mpaka kijiji cha Sibwesa! Na mezani firigisi ni yake. Tunashindana wawili: mimi na Erasmus wa kwaya. Yeye pointi mia nne. Mimi kumi na mbili. Nilianza somo, usingizi ukanikamata.

Jumanne, 6 Mei
Nimepata akili! Mke wangu Verdiana anashinda Mwamkulu, kwenye mpunga wetu, akiamia ndege. Kazi yenyewe kukaa kibandani na kupiga kelele. Nimempa simu abonyeze masomo kwa jina langu. Akauliza mimi nitajifunza lini. Nikamwambia kiongozi hupanga tu. Nimelala mpaka saa tisa mchana. Raha!

Alhamisi, 8 Mei
Pointi mia tisa! Erasmus kanipita njiani bila salamu. Ameumia, safi sana. Jirani yetu Imakulata kaja kushtaki: eti Verdiana anawafokea ndege Kizungu kutwa nzima, sasa wote wamehamia kwake. Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Jumamosi, 10 Mei
Elfu moja na mia tano! Paroko kanithibitisha mbele ya kamati. Nimepiga pasi suti ya harusi. Nimekariri salamu yao, “bonjorno”. Inatosha.

Jumapili, 11 Mei
Mgeni kashuka. Nikasema bonjorno. Akafurahi, akamwaga maneno. Nikasema bonjorno. Akauliza jambo. Bonjorno! Erasmus akakohoa, mshenzi yule.
Verdiana alikuwa anapita na sinia la wali. Akamjibu! Tena kwa sauti ile ile ya shambani, ukumbi mzima ukageuka. Wakaongea, wakacheka, chakula kikapoa. Paroko akaniomba nimpishe mke wangu kiti. Firigisi akala Verdiana, mbele ya wanaume wote! Aibu gani hii. Fahari pia niliona, lakini hilo sijamwambia.

Jumatatu, 12 Mei
Verdiana kaenda Sibwesa. Kiti cha mbele. Kanipungia mkono na kuniachia ndege. Nimewapigia bonjorno, hata mmoja hakuruka. Basi nimejilaza kibandani, upepo mwanana, sina neno.
Nimesikia Wachina wanaojenga barabara wanatafuta mkalimani. Nimeshapakua programu ya Kichina na kujiandikisha kwa jina langu. Verdiana akirudi tu, namkabidhi simu.