Injinia Maganga na Mashine Isiyo na Matawi

Tangazo la kata lilikuwa fupi: kuanzia leo, marufuku kuchoma majani na matawi uani, Rujewa nzima. Muhidini, tunayemwita Redio, alilirudia asubuhi ile pale kwa Saida muuza kahawa hadi watu wakaanza kumchoka.

Maganga alikuwa pembeni na kikombe chake. Huyu ni fundi wa kuchomelea, jina la kijiweni Injinia, na siku hiyo bwana afya alikuwa anakuja kukagua mashine yake ya kukatakata matawi, iliyosimama hapo kando na shingo ndefu ya bati ya kuingizia matawi. Ikikataliwa, mabati yanarudi juu ya jiko la mkewe Catherine, maana huko ndiko alikoyang'oa, na mvua zilikuwa zimekaribia.

"Injinia, shingo yote hiyo ya nini?" Muhidini alidakia. "Umeunda mashine au twiga?"

"Nawajua nyie. Mkikoboa mpunga, mkono uko ndani unasukuma. Humu kuna visu, Redio, siyo pumba. Mkono wa mtu usifike."

"Mkono wa nani ulipimia?"

"Wangu."

Wote wakamgeukia Mzee Kashindye, mfugaji, ambaye hufikia birika la Saida bila kuinuka alipokaa. Mzee akaingiza mkono kwenye shingo ya mashine, ukazama hadi bega.

"Kisu hiki hapa nakigusa," alisema taratibu. "Kimenolewa vizuri."

Maganga alikwenda nyumbani, akarudi na bati la mwisho la jiko, akaongeza shingo. Catherine alisikika kutoka mbali.

"Sasa leteni matawi tujaribu," Maganga alisema.

Kijiwe kikatazamana.

"Matawi gani tena, kaka?" Saida aliuliza. "Si walisema mwisho wa kuchoma jana? Jana kutwa tumechoma."

"Mimi nimechoma mpaka ya jirani," Muhidini alisema. "Hakuwepo, nikamsaidia."

Bwana afya, Philbert, akatokea na pikipiki yake. Akaangalia huku na huku, akafurahi sana.

"Rujewa mmetakata. Hata jani sioni. Sasa fundi, mashine ya nini?"

Maganga alipapasa shingo ya mashine. Aliyaonea huruma mabati yake, akajionea na yeye mwenyewe. Mzee Kashindye akamtazama kidogo, akainuka na kuondoka. Haukupita muda akarudi anakokota mzigo wa matawi ya miiba.

Mashine ikawashwa. Ikatafuna ule mzigo wote, ikatema vipande vidogo vidogo, na vidole vyote vya Rujewa vikabaki mahali pake. Bwana afya akatoa kalamu.

"Nitaipendekeza kata nzima. Mzee, miiba mizuri hivi umeipata wapi?"

"Nyumbani. Ilikuwa mlango wa zizi."

Bwana afya hakuelewa mpaka ng'ombe walipoanza kupita nyuma yake, mmoja mmoja, bila haraka, wakielekea kwenye vitalu vya mpunga.

"Ng'ombe wa nani hawa?"

Saida akainamia vikombe vyake. Muhidini, kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze, hakuwa na habari yoyote.

"Bwana afya," Mzee Kashindye alisema akikaa, "msainie kwanza kijana. Halafu hao ng'ombe nitawatambua."