Nilivyomzika Mtunzi Akiwa Ameketi Safu ya Pili

Wenzangu, leo nimeaibika mbele ya wazazi, walimu na kwaya nzima, na uso sina pa kuuweka. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjalisikia kwa Mwalimu Ombati, maana huyo ataongeza chumvi.

Mnajua mkuu wetu wa shule hapa Nyacheki alinipa kazi ya kusimamia mambo ya hakimiliki. Weee! Nikawa askari. Ombati akitaka kutoa kopi ya kitabu kizima cha mazoezi, namfukuza kwenye mashine. "Kitabu kina mwenyewe! Omba ruhusa!" (Nasema hivyo nimeshika kiuno. Mungu ananiona.)

Leo ilikuwa siku ya wazazi. Jumatatu kwaya yetu inakwenda tamasha la muziki Kisii mjini, kwa hiyo ilibidi iimbe kwanza hapa nyumbani. Wimbo niliuchagua mimi. Ni wimbo wa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, ambao mama yangu aliuimba akichuma majani chai alfajiri, umande umemlowesha hadi magotini. Yeye anaanza, wanawake wa safu nyingine wanaitikia, na kikapu kinajaa bila mtu kujua. Jamani, asubuhi zile! Ukungu, chai ya maziwa kwenye chupa, viazi vitamu vilivyofungwa kwa jani la mgomba. Mama alishatutoka, lakini nikiusikia wimbo huo bado namtafuta kwa macho.

Niliuliza wimbo ni wa nani? Sikuuliza. Kwetu wimbo ukishaimbwa na kila mtu shambani, basi umekuwa wa mababu. Kwenye programu nikaandika: "Wimbo wa jadi. Mtunzi: wahenga." Nikaenda zangu kunywa chai.

Watoto wakajipanga mistari mbele ya hema la wazazi. Nikashika maikrofoni. (Nani alinituma? Hakuna.)

"Wazazi, shule hii haitumii kazi ya mtu bila ruhusa! Bila ruhusa, hatuimbi!"

Makofi. Nikanogewa.

"Lakini wimbo wa leo hauna shida. Waliotunga walikufa zamani sana, Mungu awalaze pema."

Kwenye safu ya pili mama mmoja mzee, kitambaa cheupe kichwani, akainua mkono ulioshika programu. Ni nyanya yake msichana wetu wa sauti ya kwanza, amekuja kutoka Nyamira alikoolewa. Nikadhani anauliza choo kiko wapi.

"Mwalimu, wimbo huo nimeutunga mimi," akasema. "Naitwa Kerubo. Nimekufa lini?"

Eh! Hema lote likaangua kicheko. Ombati alishikilia nguzo ya hema asianguke. Mimi nikatabasamu lile tabasamu la mtu aliyekanyaga kinyesi cha ng'ombe kwa viatu vya kanisani.

Wazee wawili wakathibitisha: ndiyo, ni wa Kerubo, aliutunga akiwa msichana hapa hapa. Mkuu wa shule akanigeukia. "Sasa, Mwalimu Nyaboke, kanuni yetu inasemaje?"

Inasemaje? Si nimeisema mimi mwenyewe, kwa maikrofoni! Bila ruhusa, hatuimbi. Nikawaangalia watoto. Soksi zimefuliwa zikang'aa, wamefanya mazoezi muhula mzima, na wimbo mwingine hawana. Msichana wa sauti ya kwanza alikuwa anauma mdomo asilie. Hapo hata lile tabasamu likaniisha kabisa.

Nikapiga magoti kwenye nyasi. "Mama Kerubo, nisamehe. Naomba ruhusa watoto wauimbe."

"Imba wewe kwanza. Nisikie kama umeuharibu."

Mnaijua sauti yangu. Mbuzi wa jirani aliitikia. (Sitanii, aliitikia kweli.) Nikamaliza ubeti wa kwanza, ule wa kuliomba jua liwahi kukausha umande. Nikaingia ubeti wa pili, wa mtoto aliyelala juu ya magunia mwisho wa shamba, na jua linaambiwa lipite polepole lisimwamshe.

"Nyamaza hapo," akasema. "Unaimba kama Kwamboka. Wewe ni wa Kwamboka?"

"Ndiye mama yangu."

Akashika kidevu changu, akanitazama sana. "Ubeti wa kwanza ni wangu na nimekupa. Wa pili si wangu, siwezi kukupa. Aliutunga mama yako. Tulikuwa tunachuma safu moja, akaniambia ameuongeza kwa sababu ana mtoto pale kwenye magunia. Huyo mtoto ni wewe. Ulikuwa unakoroma, mama, hadi wanyapara wanacheka!"

Watu wakacheka tena. Mimi nikalia. Miaka yote nimeuimba wimbo huo nikipika, nikifua, nikiwabembeleza wanangu, na sikujua kwamba mama alikuwa ananiimba mimi. Nililia kwa sauti, maikrofoni ikiwa bado imewashwa, na spika mbili kubwa zikapeleka habari hadi barabarani.

Mkuu wa shule akauliza kwa upole, "Na ruhusa ya huo ubeti wa pili tutaipata wapi?"

"Kwa aliyeachiwa wimbo," Kerubo akajibu, akaninyooshea kidole.

Watoto wote wakanigeukia. Msichana wa sauti ya kwanza akauliza, "Mwalimu, unatukubalia?" Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo. Wakaimba. Kerubo aliitikia pamoja na wanawake wa hema zima, na Ombati naye alikuwa anapangusa macho akidai ni vumbi, na mvua ilikuwa imenyesha jana.

Wahenga nimewafuta kwenye programu. Sasa inasema: "Watunzi: Kerubo na Kwamboka." Na kuhusu kukoroma, nawaomba kama mwenye hakimiliki: hiyo msiisambaze.