Redempta Aishinda Kabichi Iliyougua

Sogeeni, enyi mliochoshwa na ushindi wa wakubwa redioni, mpate ushindi usiotangazwa: jinsi Redempta binti Alfonsi, bingwa wa mwiko, mlinzi wa mafiga matatu, alivyoikabili mboga isiyo na jina pale Izia, Sumbawanga, mwaka ule wa soko huria tulipoambiwa kila mtu sasa yuko huru, na bwana shamba wetu akawekwa huru kwa barua ya kupunguzwa kazi.

Kabla ya uhuru wake, mtukufu huyo aligawa mbegu. "Ni zao la kisasa," alihutubu. Linaliwaje hakusema, maana naye hakuelezwa. Redempta akafukia majani kwenye matuta kama walivyofanya bibi zake, akapanda. Ikaota kabichi. Kisha katikati ya majani kukafumuka donge jeupe lenye vinundu, mfano wa ubongo wa mbuzi.

Kwetu Ufipa mboga ni majani. Wanawake wa mtaa wakaketi baraza, wakahukumu: kabichi imeugua. Wiki tatu Redempta akapika majani, magumu kama ngozi ya ngoma, na kila donge alilokata akalitupa kwenye shimo la mbolea.

Ndipo mumewe Baltazari, jemadari wa kigoda, akatoa tamko: "Mama Agnesi, nimetafuna vya kutosha. Jumapili nang'oa kitalu chote, napanda ngano."

Na kitalu kile ndicho kipande pekee ambacho Redempta alivuna bila kuomba ruhusa ya mtu. Ndicho kilichowavalisha watoto sare.

Jumamosi akaja Kashinje, jirani mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga.

"Mama Agnesi, ng'ombe wangu kashinda shimoni kwako. Majani kayaacha. Hayo meupe kayamaliza."

"Na hajafa?"

"Anatafuta mengine."

Redempta akatafakari kama mfalme aliyesalitiwa. "Kumbe ng'ombe wako anakula mboga, na mume wangu anakula maganda."

"Baba Agnesi asijue."

"Atajua akishashiba."

Akashuka kitaluni, akateka madonge matatu, akayapasua kwa kisu, akayatosa kwenye chungu. Adui akajibu kwa harufu iliyowafukuza watoto hadi uani. Shujaa hakurudi nyuma: akamwaga maji ya kwanza, akaunga kwa kitunguu na karanga za kutwanga. Wizara haikutuma hata chumvi.

Baltazari akanusa, akamega tonge la ugali wa ulezi, akachovya.

"Nini hii?"

"Ule ugonjwa."

Akatafuna. Akachovya tena, na tena, akalifuta bakuli kwa tonge la mwisho.

"Ngano inaweza kungoja," akatamka, akiutazama ukuta.

"Mpaka lini?"

"Wewe kwanza lete yaliyobaki jikoni."

Andikeni tarehe hiyo, wenye vitabu. Mageuzi mengi yalizinduliwa mwaka ule kwa hotuba na mbuzi wa kuchinjwa, na haijulikani ni yapi yaliyofika Izia. Hili la Redempta lilifika, likaliwa, likaombwa tena. Na Jumapili, kengele ya misa ilipolia, madonge ya Redempta yalikuwa yamesimama wima kitaluni, gwaride ambalo hakuna mkubwa aliyealikwa kulikagua.